Kupika Busaa ni Mazoezi, Saa Yako Iseme au Isiseme

Wasee, wacha niseme kitu ambacho najua kitaniletea moto kwa komenti. Mtu anayefanya mazoezi mengi zaidi kwa familia yetu si binamu yangu wa Roysambu, yule ambaye kila Jumatatu lazima aposti picha ya jimu. Ni kukhu wetu wa Bungoma. Hajawahi kushika dambeli. Hana saa ya kuhesabu hatua. Lakini akianza kupika busaa, hakuna kijana wa miaka ishirini kwetu anayeweza kumaliza hiyo siku pamoja naye bila kuomba kiti.

Kabla mnishambulie: sijasema mtu anywe. Kama hujafika miaka 18, sheria imekukataza, na hata kama umefika, si mimi nitakuambia uanze. Mimi naongea kuhusu kazi ya kupika, si raha ya kunywa. Hivyo ni vitu viwili, na mara nyingi vinafanywa na watu wawili tofauti: akina mama wanapika, wazee wanakaa na mirija yao mirefu. Shikilia hiyo, tutairudia.

Kwa wale mmekulia mtaani na busaa mnaisikia tu kwa stori, iko hivi. Kwanza kuna kimea. Wimbi inalowekwa, inaachwa imee, inaanikwa, halafu inasagwa. Kando yake kuna unga wa mahindi, unaokandwa na maji mpaka unakuwa donge zito, kisha unafunikwa siku mbili tatu uchachuke. Donge likishachachuka, linakaangwa kwa bati juu ya moto, na mtu amesimama hapo na koleo analigeuza na kuligeuza mpaka likauke na kuwa kahawia. Likipoa linatiwa kwa pipa au mtungi pamoja na maji na kile kimea, linakaa tena siku kadhaa. Mwisho kabisa inachujwa kwa kitambaa, na machicha yanakamuliwa kwa mikono mpaka tone la mwisho.

Sasa rudi usome hiyo aya tena, lakini safari hii angalia kazi peke yake. Kuchota maji. Kubeba. Kusaga. Kukanda. Kugeuza. Kuinua pipa. Kukamua. Mtungi mmoja wa lita ishirini ni kilo ishirini za maji, na busaa ya sherehe haipikwi na mtungi mmoja. Kuna watu hapa Nairobi wanalipa pesa kila mwezi ili mtu mwenye filimbi awaambie wavute, wasukume, wainue na wafinye. Kukhu anafanya hizo zote kwa kazi moja, na bado anaulizwa kama chai iko tayari.

Agosti 2024 kulikuwa na tohara nyumbani. Kwa Wabukusu huwa ni miaka ya tarakimu shufwa, so 2024 ilikuwa yetu, na busaa ilipikwa ya kutosha kijiji. Nikamwendea kukhu na saa yangu ya mkononi.

"Kukhu, nikuvishe hii?"

"Ya kuniambia saa ngapi? Jua si naliona."

"Hapana, inahesabu vile unatembea."

"Natembea wapi na mimi niko hapa kwa moto, mjukuu wangu?"

Manze, hiyo sentensi moja ilikuwa imemaliza mjadala wote, lakini nikamvisha tu.

Alipobeba maji kichwani, mkono wenye saa ukiwa umeshika mtungi, hesabu ilisonga kidogo sana. Alipopiga magoti kusaga kimea kwa jiwe, mikono ikienda mbele na nyuma, saa ikaanza kuhesabu hatua na hajatoka hapo alipo. Alipokuwa anakaanga, mapigo ya moyo yalipanda vizuri tu, lakini saa haikuona zoezi lolote. Halafu ile ya kuvunja mbavu: akiwa anakamua machicha, jasho likimtiririka, saa ikatetemeka na kumkumbusha kwamba amekaa sana, asimame atembee kidogo. Nilimtafsiria. Akacheka mpaka akaweka kitambaa chini.

Mimi sikucheka sana. Nilianza kujiuliza hiki kifaa kinapima nini hasa.

Jibu si gumu. Ndani ya saa kuna kidude kinachosikia mwendo, juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Programu inaangalia mkono ukibembea kwa mpangilio fulani na kusema, hii ni hatua. Basi mkono ukitulia na miguu inaenda, hatua zinapotea. Mkono ukienda na miguu imetulia, hatua zinazaliwa. Chini ya saa kuna taa ya kijani inayomulika ngozi na kusoma damu inavyopita, ndiyo inahesabu mapigo ya moyo. Kalori nazo hazipimwi na kitu chochote. Zinakisiwa. Programu inachukua uzito, umri, jinsia, hatua na mapigo yako, inapiga hesabu yake, inakuandikia namba ambayo ukiiona unadhani imetoka maabara.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwa mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Hapo heshima yao. Lakini kwa kalori, kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kikakosea kwa asilimia 93. Asilimia 93! Na huo ni mwendo wa kutembea, kukimbia na baiskeli, vitu ambavyo saa zimetengenezewa. Sasa fikiria koleo na bati la busaa.

Kuna lingine linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Kenya, na mmoja wa watafiti wake alikuwa Profesa Maloiy. Walipima akina mama Waluo wanaobeba mzigo kichwani na akina mama Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso. Wakagundua kwamba akina mama hao wanaweza kubeba mzigo wa mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 kama hakuna kitu. Zaidi ya hapo ndipo mwili unaanza kulipa. Huo ni ujuzi, umejengwa tangu utotoni, na wanasayansi wakauandika kwa mshangao. Saa haijui kuna mzigo kichwani. Haijui pia kuna ujuzi shingoni. Inajua tu mkono haukubembea.

Na zile hatua elfu kumi ambazo zinakunyima usingizi, mpaka saa tano usiku unazunguka sebuleni ndio duara lijae? Hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kinachoitwa Manpo-kei, jina ambalo maana yake ni kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Likauzika, dunia nzima ikaimeza kama amri. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walitoa utafiti wa zaidi ya wanawake elfu kumi na sita wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72, yaani rika la kukhu. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka iliyofuata kuliko waliotembea kama 2,700, na faida ikaacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Elfu kumi haikuwa na uchawi wowote.

Sasa wengine mtasema, basi tupa hiyo saa. Hapana, mimi naivaa hadi sasa. Inanikumbusha kulala, inanionyesha moyo unavyotulia wiki nikikimbia vizuri Karura. Shida yangu si saa. Shida ni sisi tumeiachia saa ituambie nani anafanya mazoezi na nani anafanya kazi tu.

Hapo ndipo kuna mtu anaumia. Tuko na shangazi anaishi Kawangware, anafua nguo za watu. Anaamka, anazunguka ploti za watu, anafua kwa mkono, anakamua blanketi, anapanda ngazi na beseni kwenda kuanika juu ya paa. Siku moja akaenda kliniki, wakampima presha, ikawa juu. Wakamwambia apunguze chumvi, sawa kabisa. Wakamwambia pia aanze mazoezi. Hakuna mtu alimuuliza anashinda akifanya nini. So shangazi akaanza kuamka saa kumi na nusu alfajiri kutembea barabarani gizani, halafu ndio aende kufua siku nzima. Alikuwa anakatwa usingizi ili aongezewe jasho, na jasho lilikuwa tayari limejaa.

Naye hakubisha, kwa sababu hata yeye hakuamini kwamba anachofanya kinahesabika. Amefundishwa kwamba mazoezi ni kitu cha watu wenye viatu vya elfu tano.

Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 mpaka 150 za mwendo mkali. Kwa wale walio na miaka 5 mpaka 17, ni wastani wa dakika 60 kwa siku. Na mwongozo huo unataja wazi kwamba kazi, usafiri na shughuli za nyumbani zinaingia kwenye hesabu. Koleo linaingia. Beseni linaingia. Kutembea kutoka Kangemi mpaka Westlands kwa sababu huna nauli kunaingia. Hakuna mahali wameandika kwamba lazima kuwe na muziki na kioo.

Mwaka 2007 Alia Crum na Ellen Langer walichukua wafanyakazi 84 wa kusafisha vyumba vya hoteli Marekani. Nusu wakaelezwa kwamba kazi yao ni mazoezi tosha na wakaonyeshwa hesabu yake. Wengine hawakuambiwa kitu. Baada ya wiki nne, wale walioambiwa uzito na presha vilikuwa vimeshuka kidogo, ingawa walisema hawajabadilisha chochote. Ni utafiti mmoja mdogo, usiubebe kama dawa. Lakini mimi naupenda kwa sababu ulianza na swali ambalo shangazi hakuulizwa.

Haya, sasa nigeuke upande ule mwingine, kwa sababu naona mtu anakimbia kumwambia mamake, "Unaona? Endelea kufua, ni afya." Wewe tulia.

Watafiti kama Andreas Holtermann wa Denmark wameandika miaka mingi kuhusu kitendawili kimoja: jasho la muda wako wa kujipa linalinda moyo, lakini jasho la kazi nzito ya kutwa mara nyingi halilindi vile, na kwa wengine linaumiza. Maelezo yao yanaingia akilini. Mtu wa jimu anainua dakika arobaini, anapumzika, anakula, kesho anafanya miguu badala ya mikono. Mtu wa mjengo anainua masaa tisa, mgongo ule ule, kesho tena, na hana sauti ya kusema leo nimechoka. Nenda Iten au Kaptagat uone wale wanariadha tunaojivunia. Wakikimbia asubuhi, mchana wanalala. Kulala ni sehemu ya mazoezi yao. Kukhu akimaliza kukaanga, hakuna anayemwambia alale. Anaambiwa wageni wamefika.

Kwa hivyo ukiniuliza nini kinamkosa kukhu, si saa na si hatua. Ni mapumziko, na ni mtu wa kumpokea koleo. Mgongo wake unauma. Moshi wa lile bati unamkaa kifuani. Hiyo pia ni sehemu ya hesabu, na kama tunampigia makofi kwa nguvu zake bila kuinuka tulipokaa, makofi yetu ni uvivu tu.

Na hapa narudi kwa ile ya mirija. Kwa boma nyingi, kijana wa kiume ndiye ananunuliwa saa na viatu, anaambiwa aende akimbie ajenge mwili. Dada yake anaambiwa ajaze pipa la maji. Jioni kijana anaonyesha duara lake la kijani, watu wote wanasema waah. Dada amebeba kilo ishirini mara sita, na akikaa kidogo anaitwa mvivu. Wote wawili wamefanya mazoezi. Mmoja ana ushahidi kwa simu, mwingine ana ushahidi kwa shingo.

Mimi nataka tufanye mambo manne. Hayahitaji pesa.

Moja, tuhesabu kazi. Huhitaji kifaa. Kuna jaribio rahisi la kuongea: ukiwa unafanya kitu na unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hiyo ni kali. Unataka namba? Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwa mtu wa miaka 20, makadirio ya kawaida ni kwamba mapigo 100 mpaka 140 ni wastani, na 140 mpaka 170 ni mwendo mkali. Saa nyingi pia zina sehemu ya kuandika zoezi mwenyewe. Andika "kufua, dakika 50." Hakuna polisi wa jimu atakushika.

Mbili, ukienda kliniki, waambie unafanya kazi gani na kwa masaa mangapi, hata kama hawajauliza. Ushauri wa mtu anayekaa ofisini kutwa na wa mtu anayekamua blanketi kutwa hauwezi kuwa mmoja. Dawa kunywa kama ulivyoandikiwa, lakini stori yako wape yote.

Tatu, na hii ni yetu sisi wa miaka yetu: kama unatafuta mazoezi, kazi iko nyumbani inakungoja. Kabla uende kulipa mtu akuambie uinue chuma, inua ule mtungi. Shika koleo nusu saa. Kamua hizo blanketi. Wewe unapata misuli, mama anapata kukaa. Kwa bei hiyo hakuna jimu inaweza kushindana.

Nne, kalori za saa usizile. Namaanisha usiseme "nimechoma 600, wacha niongeze chips." Hiyo 600 inaweza kuwa 350. Na kwa wale wa pombe, gramu moja ya kileo ina kalori 7, so ukikaa kwa mrija baada ya mtu mwingine kufanya mazoezi yote, usishangae kitambi kimekujia wewe na misuli ikabaki kwa aliyepika.

Najua kuna mtu atasema nimegeuza busaa kuwa michezo. Hapana. Kupika busaa ni kazi, ni urithi, kwa wengine ndiyo imelipa karo. Kuiita mazoezi hakuiondolei hayo. Kunaongeza tu ukweli mmoja uliokuwa umeachwa nje: kuna mwili wa mtu pale, unafanya kazi ngumu, na unastahili kuhesabiwa na kupumzishwa kama mwili mwingine wowote.

Sasa leo jioni, usiposti hatua zako. Uliza mtu mmoja kwenu, mama, shangazi, dada wa kazi, yeyote: leo umeinua nini na umebeba nini? Akimaliza kutaja, niandikieni hapo chini. Halafu, tafadhali bana, muulize pia kesho umpokee gani.